Siku moja chini ya magari ya watu, Unga Limited

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa saba Arusha chuma kinauma. Ukishika spana bila glavu unairudisha mezani mwenyewe. Dogo kashafungua gereji, kawasha jiko la mkaa, na nimeshakunywa kikombe cha kwanza cha chai kabla sijavaa ovaroli. Mimi ni fundi wa miguu ya gari: shokapu, springi, bushi (zile raba za kwenye maungio), bolijointi (kiungo cha pini kinachoshika mguu wa tairi), tairodi. Injini sigusi. Mwaka huu natimiza miaka 14 nikilala mgongoni juu ya boksi lililokunjuliwa.

Saa 1:30. Land Cruiser ya watalii, imerudi jana usiku kutoka Serengeti. Shokapu mbili za nyuma zimelowa mafuta mpaka chini. Ukishapita geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, kuna vumbi na yale mawimbi ya barabara, na shokapu ikipigwa mawimbi saa tatu mfululizo mafuta ya ndani yanachemka, yanatoa povu, nguvu inapotea. Ikiwa nzuri, ikipoa inarudi. Hizi hazikurudi. Dereva kaja na nyingine alizopewa ofisini, tumefunga, kaondoka.

Saa 3 na kitu. IST, kubadilisha staba linki, kile kifimbo cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Dakika arobaini.

Saa 4:10 ikaingia Noah inayopakia abiria wa Namanga, na siku yangu ikaishia hapo.

Dereva hakuzima hata gari. "Fundi, umetaka kuniua." Sikumjibu. Nimejifunza kwamba mtu aliyeogopa barabarani lazima kwanza atoe hofu yake kwa mtu, na mtu huyo huwa ni fundi. Anasema alipofika Oldonyosambu usukani ukaanza kuvuta kushoto, kila shimo linagonga ko, ko, ko. Akashusha abiria, wakamdai nauli, akarudi taratibu hadi mjini. "Na bolijointi umenifungia wewe juzi tu hapa!"

Juzi. Nikafungua daftari. Kushoto chini, siku 19 zilizopita, spea ameleta mwenyewe. Nikasoma kilomita kwenye dashibodi: ametembea 4,180. Namanga kwenda na kurudi ni kama 220 kwa siku, hesabu inakubali.

Tukapandisha gari. Dogo akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Nilipoitoa ile bolijointi nikaiweka kiganjani mbele ya dereva. Raba ya kuzuia vumbi ilikuwa imepasuka kuzunguka shingo nzima, grisi imegeuka tope jekundu, na pini ikalala upande yenyewe kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Kwenye chuma hakuna namba wala chapa hata moja, wakati boksi lake nalikumbuka, lilikuwa na maandishi ya kampuni kubwa na hologramu juu.

Watu wanachanganya mambo hapa. Siyo kila spea isiyotoka kwa kampuni iliyotengeneza gari ni feki. Viwanda vipo vinavyotengeneza vitu vizuri kwa jina lao, nami navifunga kila siku. Feki ni ile inayovaa boksi la mwenzake. Shokapu mbovu itakuchosha kiuno, na gari litachelewa kusimama. Bolijointi ikichomoka, tairi linalala chini ya gari, na kwenye tambarare ya Longido hakuna anayekwenda spidi arobaini.

Tukaenda dukani, mimi, dereva na ushahidi kwenye gazeti. Muuzaji hakuugusa. "Fundi wako kafunga vibaya, kaka." Juu ya kichwa chake kuna kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia, kibao chake hakifuti hilo. Akacheka. "Sawa mwanasheria. Risiti iko wapi?"

Dereva akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa peni: bol 1, 35,000. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuchukua, maana alipunguziwa elfu tano asidai. Kwa elfu tano akawa hana duka, hana tarehe, hana hata jina la kitu alichonunua. Anayebaki ni nani wa kushikwa shati? Mkono wa mwisho kugusa gari.

Tumerudi kimya. Saa sijui ngapi, chai ya pili imepoa, hice zimejaa barabarani. Nikaingia chini tena ili nimalize, ndipo nikaona kitu ambacho ningeweza kunyamaza nacho: bushi ya wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, upande uleule imechanika. Ile tuliyofunga sisi siku ya bolijointi. Bushi hukazwa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukiikaza tairi likiwa linaning'inia, raba inashikwa ikiwa imejipinda, gari likishuka inabaki imenyongwa, na kila shimo linazidi kuinyonga. Nikamwangalia dogo. Dogo akaangalia jeki. Siku ile tulikuwa na magari matano, na mimi ndiye niliyesema "harakisha".

Nikamwambia dereva ukweli: bolijointi ni ya duka, bushi ni yangu, bushi nalipa. Alinitazama kama nimemtukana. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mmoja mkubwa, nami nimempa nusu.

Bolijointi mpya nzuri alikuwa hana hela yake, hesabu ya tajiri mwenye gari inamsubiri. Tukapata ya mtumba kutoka Japani, pini ngumu, raba nzima, namba zinasomeka. Tukafunga, tukashusha gari, nikamkalisha dogo na mwenzake ndani ndipo nikakaza bushi. Makande ya mchana nimekula jua likizama, yamekauka.

Kabla hajaondoka nikamsogezea daftari: spea gani, imetoka wapi, kilomita ngapi, saini hapa.

"Sasa nisaini ya nini fundi, kwani nimekopa?"

Akapiga honi, akakimbilia stendi kuwahi abiria wa jioni. Nikaandika mwenyewe: amekataa kusaini.