Jiki ya shangazi imeniumbua

Juzi nilikuwa Moroto, Uganda, kwa shangazi, jioni nikatoka kutembea kwenye nyasi nje ya mji, nikajikuta nimepiga magoti mbele ya jiwe karibu nusu saa. Mzee mmoja alikuwa anarudisha ng'ombe, akasimama: "Kijana, umepoteza pesa?" Hapana mzee, naangalia haya madoa tu. Akacheka akaenda zake.

Madoa yenyewe ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi nyumba moja, kuvu anajenga, mwani anapika kwa jua. Jiweni alikuwepo wa kijani-manjano, kama vijani vilivyojibana kwenye mwamba, na hapo chini kwenye udongo mtupu kati ya nyasi kulikuwa na gamba la kijivu limejaa vishimo kama uso wenye ndui. Mimi na haraka zangu nikasema ni yule yule, wa chini kazeeka tu. Nikabandua vipande vidogo nikatia kwenye bahasha za karatasi (usitie kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, vinaota ukungu).

Nyumbani nikatoa lenzi na wembe, nikachukua jiki ya shangazi, ile dawa ya kung'arisha nguo, na potasi kali kidogo niliyopewa na rafiki anayefundisha kemia, hiyo angalia isikuguse ngozi. Kuvumwani wengi hutambulika kwa rangi wanayogeuka ukiwatonesha dawa kama hizi. Tone la jiki kwenye gamba la kijivu, weee, likawa jekundu hapo hapo! Jekundu hilo pamoja na vile vishimo, huyo ni wa jenasi ya Diploschistes. Ana ndugu yake, Diploschistes muscorum, mhuni kweli, anaanza maisha kwa kuvamia kuvumwani mwingine anaitwa Cladonia, akishapata nguvu anajitegemea.

Yule wa jiweni nikamkwangua mpaka nyama nyeupe ya ndani, jiki haikufanya kitu. Potasi ndiyo ikaleta manjano halafu polepole nyekundu ya damu, hiyo ni asidi ya salazini, kemikali iliyomo ndani ya kuvumwani mwenyewe. Kumbe hata hawafanani! Umanjano wa juu nao unatoka kwa asidi ya usini, ndiyo maana nikasema ni wa jenasi ya Xanthoparmelia.

Sasa Xanthoparmelia ziko zaidi ya 800 duniani na nyingi zina salazini hiyo hiyo, inabidi ugeuze uone chini ni nyeusi au kahawia, utafute juu kama kuna vile vichunusi vinavyokatika vikaote kwingine. Wangu chini mweusi, vichunusi anavyo. Kwenye bahasha nimeandika Xanthoparmelia, basi, hilo jina la pili, la spishi, lisubiri maabara.