Kutwa Nzima Kasumbalesa

Tuliondoka Lubumbashi saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai 2025, katika ile baridi kavu ambayo wageni hawaamini kwamba iko Kongo. Mama mdogo, ambaye anauza vitenge katika soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi) tangu nikiwa shule ya msingi, alikuwa amejifunga kimoja kiunoni na kujitanda viwili. Marobota yake mawili yalikuwa yamefika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka Dar es Salaam, naye alinihitaji kwa jambo moja tu, kusoma karatasi za forodha, kwa kuwa, kama alivyosema, macho yake bado yanaona nguo lakini herufi yameziacha.

Kutoka mjini hadi mpaka wa Zambia ni kama kilomita 90. Basi letu dogo lilikuwa limetumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na usukani wake ulikuwa upande wa kulia, ilhali Kongo magari hushika kulia. Kwa hiyo kila dereva alipotaka kulipita lori ilimbidi amwulize abiria wa mbele kama njia ni nyeupe. Abiria huyo nilikuwa mimi, na sijawahi kupewa dhamana kubwa kama ile kwa nauli niliyolipa mwenyewe.

Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mpaka. Kobalti, metali ya kutengenezea betri, haikuwamo, kwa sababu tangu Februari 2025 serikali ilikuwa imezuia isiuzwe nje ili bei iliyoporomoka ipande; iliyokuwamo ni shaba. Nilishuka kunyoosha miguu nikaitazama kwa karibu pale turubai lilipofunuka. Ni mabamba mapana ya rangi ya waridi, yenye vipele pembezoni kama ngozi ya mtoto mwenye harara, yaliyopangwa mafungu na kubanwa kwa mikanda ya chuma. Nilikulia kwenye kivuli cha lile bomba refu la moshi na kilima cha mabaki ya shaba ambavyo ni alama ya mji wetu, lakini shaba yenyewe, ile inayokwenda, nilikuwa sijaigusa.

Dereva wa lori hilo alikuwa mtu wa Mbeya. Utingo wake, aliyekuwa akisonga ugali kwenye jiko lililowekwa ndani ya sanduku ubavuni mwa tela, alimwamkia mama mdogo, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Jambo sana," maana katika Kiswahili chetu salamu hiyo haina kazi. Kijana akacheka, akamkaribisha ugali, ambao kwetu ni bukari na ng'ambo ya mpaka ni nshima. Unga ni uleule.

"Una siku ngapi hapa, papa?" nilimuuliza dereva.

"Ya nne leo. Shaba haina shida, ndugu yangu, haiozi. Tunaooza ni sisi."

Alikuwa amebeba tani 30 za kupeleka bandari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kwa kupitia Zambia na Tunduma. Siku hizo bei katika soko la metali la London ilikuwa ikicheza karibu na dola 10,000 kwa tani, kwa hiyo aliyekuwa amekaa juu ya ndoo mbele yangu alikuwa akilinda mali ya karibu dola laki tatu huku akihesabu posho yake ya chakula. Alinikumbusha Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache baada ya Kongo kupiga marufuku soda na bia za kutoka kwao. Shaba inayongojewa na viwanda vya upande wa pili wa dunia ilisimama barabarani kwa ugomvi wa vinywaji.

Wanaosimulia kwamba dunia ilitufikia na reli, iliyoingia kutoka kusini mwaka 1910, humsahau Msiri. Mtawala huyo wa Bunkeya, huku kwetu Katanga, ambaye asili yake ni Unyamwezi, aliuza shaba, pembe na, tusifiche, watumwa, kwa pwani zote mbili, ya Benguela (Angola ya leo) na ya Waswahili, mpaka alipouawa Desemba 1891. Mtu wa Mbeya alichomzidi Msiri ni foleni tu.

Ghalani, mama mdogo hakutazama karatasi hata moja. Alichomoa kitenge, akakigeuza upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Urembo wa vitenge ulianza kwa batiki za Java, ukaigwa kwa mashine na Waholanzi katika karne ya 19, ukapendwa Afrika ya Magharibi kuliko ulikokusudiwa; hivi vyetu vilichapwa China na kununuliwa Kariakoo. Robota la pili lilikuwa limechanwa na kushonwa tena. Vipande sita havikuwamo. Msafirishaji alisema ni panya.

"Panya huyu amesoma," mama mdogo akasema. "Amechagua vile vya bei."

Mabishano yalikula saa tatu, na tulichopata ni punguzo dogo la ada ya ghala. Kwa fedha hiyo alinunua mfuko wa unga wa Zambia, kilo 25, akauweka miguuni pake na si nyuma ya gari pamoja na vitenge. Sikumuuliza sababu. Mwaka 2024 ukame ulipoikausha Zambia, nyumba nyingi za Lubumbashi zilijifunza kuulizana bei ya unga kabla ya kuulizana hali.

Tulirudi gizani. Nilihesabu kwa taa za basi: lori la mtu wa Mbeya lilikuwa limesogea nafasi kumi na moja. Utingo alikuwa akiosha sufuria. Mama mdogo alimpungia mkono, kisha akanipiga bega nitazame mbele, kwani dereva alikuwa ananiuliza kama njia ni nyeupe.