Mkono wa fidla

Niliondoka Unguja mwaka 2005 kwenda Maskati, nikamwambia mamangu ni miaka miwili tu. Nikakaa 18. Kule Kiswahili hakikunipotea, maana wazee waliozaliwa huku bado wanakisema vizuri, pengine kutushinda sisi. Kilichonipotea ni muziki, taarabu yetu. Fidla yangu ilibaki Kikwajuni, ndani ya sanduku lake juu ya kabati la mama. Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarabu, alipofariki, Aprili 2013, habari ilinikuta kazini, nikajifungia chooni nikalia mpaka wenzangu wakaja kugonga mlango.

Mwaka 2023 nikarudi moja kwa moja. Watu walinipokea kwa vigelegele, wakauliza nimeleta nini. Sikumwambia mtu kwamba nimerudi na uvimbe.

Niliugusa mara ya kwanza nikioga, kwenye titi la kulia, mgumu kama punje ya mbaazi. Haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, nikaunyamazia miezi minane. Dada zangu mnaosoma, nawasihi: uvimbe wa titi usiouma usikufarijini. Nendeni mkapimwe wiki hiyo hiyo.

Aliyenigundua ni mamangu. Alikuwa barazani anachagua mchele, akaniona naanika nguo kwa mkono wa kushoto. Hakusema neno mbele za watu. Usiku akaja chumbani, akafunga mlango, akaniambia, "Mwanangu, hebu vua." Akapapasa polepole kwa vidole vyake vya kizee, kisha akanifunika kanga mwenyewe. "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Mimi na wewe na kaka yako."

Nikakatwa kinyama kikapelekwa maabara. Majibu yalikuwa saratani, na ilishafika kwenye tezi za kwapani. Mimi sikusikia kitu baada ya lile neno la kwanza. Kaka ndiye aliyeuliza yote, akiandika kwenye daftari la skuli la mwanawe: kwanza kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kisha operesheni, kisha mionzi, kisha vidonge kwa miaka. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Upande mmoja hesabu za darasa la nne, upande wa pili ugonjwa wangu.

Unguja habari hailali. Siku ya tatu, baada ya Isha, wakaja wenzangu wa zamani wa kikundi cha taarabu: mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo, na shoga yangu mwimbaji. Nilijua watanipa pole na kutazama sakafu. Wakanipa pole, ndiyo, na mwimbaji akanikumbatia akalia bila kujificha. Kisha mpiga kanuni akauliza, "Fidla iko wapi?" Tukaishusha. Nyuzi mbili zimekatika, zilizobaki zina kutu, upinde umeliwa na wadudu. Akaichukua vile vile, akaondoka nayo kwapani. Wiki ambayo nywele zangu zilianza kutoka kwa mafungu, akairudisha ina nyuzi mpya, akailaza kitandani kwangu pembeni ya beseni la kutapikia. "Hatujamweka mtu kwenye kiti chako," akasema. Nilijua si kweli, maana yupo kijana anayepiga vizuri sana. Lakini siku niliyokwenda mazoezini kuwasikiliza, nikakuta kweli wameongeza kiti.

Sijui niseme vipi kuhusu fedha bila kuwaaibisha. Miezi yote ya matibabu, mwimbaji wetu akitunzwa harusini hazigusi zile noti. Zilikuja kwangu ndani ya bahasha, zingine bado zinanuka udi na asumini. Nimepanda boti kwenda Dar es Salaam kwa tunzo za harusi za watu nisiowajua.

Mionzi nilipigwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, nikilala kwa mama mdogo Magomeni. Jengo la zamani la Mjerumani linatazama bahari, na asubuhi foleni ina watu wa Kigoma, Mbeya, Pemba, kila mtu na faili lake. Mpiga dumbaki alikuwa akinitumia mazoezi kwa WhatsApp kila usiku, na asubuhi nayasikiliza foleni. Bibi mmoja wa Pemba aliniona natikisa kichwa, akaomba naye asikie, nikampa upande mmoja wa waya. Ikawa desturi yetu. Siku aliyomaliza mionzi yake alinipa maembe matatu akanibusu kichwani, kwenye upara.

Kilichonitesa zaidi ni mkono. Ukishaondolewa tezi za kwapani, bega linakakamaa, na mkono wangu wa kulia ndio mkono wa upinde. Nilifundishwa kupandisha vidole ukutani, kama buibui, kila siku hatua moja juu. Mtoto wa kaka akawa anaweka alama kwa penseli. Mazoezini nikapata wakati mzuri kuliko wote: kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na kuzitia sauti kunachukua muda mrefu. Mpiga kanuni akiwa ameinama na ufunguo wake, anakaza, anasikiliza, anakaza, mimi nasimama ukutani napandisha vidole. Hakuna aliyetuharakisha. Nafikiri mara nyingine alikuwa ameshamaliza, akawa anazigusa tena kwa ajili yangu.

Juzi tulipiga harusi Miembeni. Mimi bashraf tu, ule muziki wa ala tupu, kwa sababu hauna mwimbaji wa kunisubiri nikichoka. Mkono wa kulia nimeuvalisha soksi yake ya kubana ili usivimbe, juu nikavaa buibui, nikakaa kwenye kile kiti. Mstari wa kwanza upinde ulitetemeka. Wa pili ukatulia.

Mamangu hajaenda kwenye taarabu tangu baba alipofariki. Sikumwalika, nikiogopa kumchosha. Katikati ya bashraf nikamwona anakuja kati ya viti, kanga mpya, anacheza taratibu kwa mabega kama walivyocheza wanawake wa zamani, noti ya elfu kumi imeinuliwa juu. Akampita mwimbaji. Akampita mpiga kanuni. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye fidla, basi akaikunja noti ndogo ndogo akaichomeka kwenye vidole vyangu vya kulia, chini ya upinde, nami nikaendelea kupiga.