Yai moja kwenye changarawe za Namib

Nani kasema jangwani ni joto tu? Walvis Bay, mji wa pwani ya Namibia, asubuhi ukungu umetanda, upepo wa baharini unakata masikio, yote hayo sababu ya mkondo wa Benguela unaoleta maji baridi toka kusini, na ukungu huohuo ndo unaowanywesha mbawakawa na mijusi wa jangwa la Namib maana mvua karibu haipo.

Kwenye wangwa wa hapo mjini flamingo walikuwa maelfu, wakubwa na wadogo, na mwari, na vindege vya matopeni waliotoka Siberia huko. Sandwich Harbour, ghuba iliyo kusini ya mji, sina mengi, bei imeniuma sana, mnalipa hela ndefu ya gari la four-wheel halafu mnakimbizwa maji yasije yakajaa yakafunga njia chini ya matuta, ndege mnawaona kwa dirisha tu.

Ila buabua wa Damara (Damara tern), kindege wa baharini! Tulikuwa kusini ya Swakopmund, guide akasimamisha gari palepale njiani akatuambia hakuna kushuka, akatupa darubini. Naangalia, changarawe tupu. Naangalia tena, kumbe kichwa cheusi kinageuka, ndege kalala pale muda wote! Mwenzake akaja na kisamaki mdomoni, yule akainuka, nikaliona yai, moja tu, rangi ya mawe yaleyale, hakuna kiota hakuna jani, nikajikuta nimeshika mkono wa abiria nisiyemjua. Guide akasema wanatagia huku mbali na maji kwa kuwaogopa bweha, maana bweha wanazunguka ufukweni kutafuta mizoga ya sili.

Sasa pembeni hapo kulikuwa na alama za pikipiki za magurudumu manne, zimekatiza uwandani kabisa, na alama za hivyo zinakaa miaka na miaka hazifutiki. Niliumia jamani. Hawa ndege karibu wote duniani wanazalia pwani ya Namibia, wakimaliza wanaruka mpaka Afrika Magharibi, halafu mtu anapita juu ya yai kwa starehe ya nusu saa! Nikawaza Natron yetu, nako flamingo wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanategemea ziwa hilohilo moja kuzalia, likiharibiwa wataenda wapi?

Mnaotaka kwenda nendeni Novemba mpaka Februari, bebeni sweta, na mtafute guide anayekataa kutoka nje ya njia hata kama bei yake iko juu.