Fela Kuti, Mama Yake na Nafasi Aliyoilipia Gazetini

Sisi tuliokulia Dodoma tukisikiliza Redio Tanzania tulizoea kwamba siasa hutanguliwa na ngoma. Kabla ya taarifa ya habari zilisikika ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake, na zilipoanza kulia baba alinyoosha kiganja kututaka tunyamaze, na mama aliyekuwa akipepeta karanga akaweka ungo chini mpaka msomaji amalize. Kwa hiyo nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusoma habari za Fela Kuti wa Nigeria, sikushangaa hata kidogo kuona ngoma na habari za serikali vikitoka katika kinywa kimoja. Kilichonishangaza ni namna watu wanavyomweleza, kwamba alikuwa mwanamuziki ambaye baadaye aliingia katika siasa. Naamini maelezo hayo yamegeuza mambo. Siasa ilikuwamo nyumbani kwao kabla yeye hajashika tarumbeta.

Alizaliwa Abeokuta tarehe 15 Oktoba 1938, katika familia ya Kianglikana ambayo sisi wa Dodoma, tuliolelewa chini ya misheni ileile ya CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, tungeitambua mara moja. Babu yake, Mchungaji Josiah Ransome-Kuti, alitunga nyimbo za dini kwa Kiyoruba na kuzirekodi kwenye santuri nchini Uingereza katika miaka ya 1920. Baba yake, Israel, alikuwa mchungaji na mwalimu mkuu mwenye fimbo kali, na ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Chama cha Walimu cha Nigeria. Hata hivyo, anayenivuta zaidi ni mama.

Funmilayo Ransome-Kuti alizaliwa mwaka 1900, akasoma Uingereza, na aliporudi akaliacha jina lake la Kizungu, Frances, akabaki na la Kiyoruba. Alianza na klabu ndogo ya wanawake waliosoma, wenye kujifunza ushoni na adabu za mezani, na huenda ingeishia hapo kama wanawake wa sokoni wasingemfikia. Baadhi yao walitaka kujifunza kusoma. Wengine walilalamika kwamba mchele wao ulikuwa ukichukuliwa na watu wa serikali, na kwamba walitozwa kodi ya kichwa huku hawana mwakilishi hata mmoja katika baraza lililoipanga. Mwaka 1946 klabu ikageuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, na wasomi wakakaa mkeka mmoja na wauza mchele. Waliandamana kwa maelfu hadi kwenye kasri la Alake, mtawala ambaye Waingereza walimtumia kukusanya kodi hiyo, wakaimba nyimbo za kumkejeli, wakakesha nje. Mapema mwaka 1949 Alake aliachia kiti chake. Wakati huo Fela alikuwa mtoto wa miaka kumi, na nyimbo za kwanza za siasa alizozisikia ziliimbwa na wauza mchele, wakiongozwa na mama yake mzazi.

Habari hizi si ngeni kwetu. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 wanawake wa Upare waliandamana kupinga kodi ya mbiru, na miaka michache baadaye Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akiimba katika kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, alitumia mtandao wa vikundi hivyo vya ngoma kuwaingiza wanawake katika TANU. Hapa Dodoma Bunge limekwisha kumpokea Joseph Mbilinyi, tunayemwita Sugu, aliyeingia mwaka 2010, na Joseph Haule, Profesa Jay, aliyeingia mwaka 2015. Mwimbaji kuzungumzia utawala ni jambo tunalolifahamu vizuri.

Miaka ya Fela ya London, alikopelekwa mwaka 1958 asomee udaktari naye akachagua chuo cha muziki, sitaikalia sana. Safari iliyombadilisha ni ile ya Marekani mwaka 1969, ambako Sandra Izsadore, mwanamke aliyekuwa karibu na harakati za Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliodai haki zao, alimpa vitabu vya historia ya watu weusi na kumuuliza kwa nini nyimbo zake hazisemi kitu. Aliporudi Lagos akaanza kuimba kwa pijini, Kiingereza cha mtaani ambacho Mhausa, Mwigbo na Myoruba wote wanakielewa. Uamuzi huo naulinganisha na wa mtu wa kwetu anayeacha lugha ya kwao na kusema Kiswahili sokoni ili mgeni asipitwe na neno.

Lakini jambo ninalotaka hasa lijulikane halihusu jukwaa. Katika miaka ya 1970 vyombo vingi vya habari vya Nigeria vilikuwa mikononi mwa serikali, na mhariri hangethubutu kuchapa maneno ya Fela kama makala. Fela akaamua kununua nafasi za matangazo. Katika magazeti ya Daily Times na The Punch, mahali ambapo msomaji alitarajia kuona tangazo la sabuni au la bia, palikuwa na safu yake iliyoitwa Chief Priest Say, yaani "Kuhani Mkuu Anasema", ambamo alichambua watawala, mafuta, makampuni ya kigeni na dini zilizoletwa na meli. Alilipa fedha zake ili maneno yake yasipite mezani kwa mhariri. Safu hiyo ilikuwa mwendelezo wa yale aliyoyasema kwa mdomo katika klabu yake, alipositisha muziki na kuwasuta wakubwa mmoja baada ya mwingine, huku wasikilizaji wakimjibu. Kila ninapoandika maoni yangu bila kulipa chochote, namkumbuka mtu huyo akihesabu noti mbele ya karani wa matangazo.

Malipo mengine yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1976 alitoa wimbo wa Zombie, uliomwonyesha askari kama kiumbe kinachokwenda pale kinapoambiwa. Tarehe 18 Februari 1977 askari wapatao elfu moja walivamia makazi yake, aliyoyaita Jamhuri ya Kalakuta, wakapiga watu, wakachoma nyumba, na kumtupa mama yake nje kupitia dirishani. Alikuwa na miaka 76. Mwanamke aliyewahi kumtoa mtawala kitini hakupona majeraha yale, na alifariki mwezi Aprili 1978. Uchunguzi wa serikali ulimtaja mhusika kuwa ni askari asiyejulikana. Fela alibeba jeneza la kumkumbuka mama yake hadi kambi ya Dodan, alikokaa mkuu wa nchi, akaliacha langoni.

Yapo mambo ambayo siwezi kumtetea. Mtoto wa kiongozi wa wanawake aliimba nyimbo zilizomtaka mwanamke arudi chini ya mwanamume, na mwaka 1978 alioa wanawake 27 kwa siku moja. Wapo wanaosema alitaka kuwapa heshima wasanii wake waliokuwa wakiitwa makahaba. Nimelisikiliza jibu hilo kwa makini, na halinitoshi. Ninapowaona mama na mwana pamoja, naona kwamba mwana alirithi ujasiri wote wa mama yake, lakini katika suala la mwanamke alibaki nyuma yake kwa miaka 30.

Mwaka 1979 alitaka kugombea urais kwa chama chake, Movement of the People, kikanyimwa usajili. Mwaka 1984 alifungwa kwa kosa la fedha za kigeni, akakaa gerezani takriban miezi 20. Alipotoka mwaka 1986 alimkuta kaka yake, Profesa Olikoye, ndiye waziri wa afya wa serikali ya kijeshi, na bado akaendelea kuisuta serikali hiyo. Fela alipofariki tarehe 2 Agosti 1997, ni Olikoye aliyesimama mbele ya waandishi na kutamka wazi kwamba ndugu yake ameuawa na UKIMWI, katika wakati ambao familia nyingi, za huko na za huku kwetu, zilikuwa zikisema ni malaria au kurogwa. Ndugu yao mwingine, Beko, daktari na mtetezi wa haki za binadamu, wakati huo alikuwa gerezani chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Abacha.

Juma lililopita nilikuwa soko la Majengo kwa mama mmoja ninayenunua karanga kwake, na kwa kuwa mkusanya ushuru alikuwa ametoka kupita, nikamsimulia habari za wanawake wa Abeokuta. Alinisikiliza huku akiifunga risiti yake katika pindo la khanga, akalikaza fundo kwa meno. Nilipofika kwenye dirisha alisema, "Maskini mama wa watu," akanyamaza. Habari za mwanawe mwimbaji hakuziuliza.

"Mwanangu," aliniambia baadaye, "na ile kodi ya wanawake, waliifuta?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, ilisimamishwa.

Akatikisa kichwa taratibu, akachota konzi moja ya karanga, akaniongezea.