Nilivyochagua pampu na kutunza maziwa ya mwanangu nikiwa kazini

Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa nitakaa mbali na mwanangu kwa muda gani. Mama anayetoka mara mojamoja anatosheka na pampu ya mkono. Mimi nilikuwa narudi kazini kutwa, nikachukua ya umeme, yenye betri, inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja. Nilihakikisha pia ina kizuizi cha kuzuia maziwa yasiingie kwenye mota, kwa sababu huko huwezi kusafisha na ukungu huota.

Kinachosahaulika sana ni kipimo cha faneli, ile inayokaa juu ya titi. Chuchu icheze ndani ya mrija bila kusuguana na kuta zake, na sehemu nyeusi inayoizunguka isivutwe sana ndani. Iliyokuja na pampu yangu ilikuwa kubwa. Nilipoweka ndogo yake, maumivu yaliisha na maziwa yakaongezeka. Ukiumia, angalia kipimo kwanza, kisha punguza nguvu ya kuvuta.

Kabla ya kukamua nilinawa kwa sabuni, na kila mfuko niliuandika tarehe na saa. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa nje kwa muda usiozidi saa 4 iwapo joto la chumba halizidi nyuzi 25. Kwenye friji, siku 4. Kwenye friza, ubora wake hudumu kama miezi 6. Mimi huyasukuma nyuma kabisa ya friji, kwani mlangoni joto hupanda kila unapofunguliwa. Huweka kidogokidogo, mililita 60 hadi 90 kwa mfuko: mtoto akibakiza kwenye chupa, masalio yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe, na kuyamwaga kunauma jamani. Mfuko wa friza usijae pomoni, maziwa yakiganda hutanuka.

Yaliyoganda huyeyushiwa ndani ya friji usiku kucha. Yakishayeyuka yote, yatumike ndani ya saa 24, wala hayagandishwi tena. Kupasha moto ni kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Mikrowevu hapana kabisa: hupasha bila ulinganifu, na mtoto anaweza kuungua mdomo.

Anayebaki na mwanangu aliwahi kunipigia simu akidhani maziwa yameharibika, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamejitenga juu. Nikamwambia ndivyo yalivyo, aizungushe chupa taratibu yachanganyike, kisha ampe.