Namna nilivyomrudisha binti yangu skuli bila ya bakora

Likizo ya Disemba ilipokaribia kwisha, binti yangu, ambaye Januari alikuwa anaingia darasa la pili, alianza kushikwa na tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa na adabu ya ajabu: halikumsumbua hata kidogo wakati wa mchezo, ila lilimkata mara tu alipouona mkoba wake wa skuli.

Ushauri niliopewa hapa Wete, Pemba, ungejaza gunia. Mmoja aliniambia nimwonyeshe bakora, mwengine akasema nimwahidi baiskeli, kana kwamba baiskeli huokotwa, na jirani yangu akashikilia kuwa mtoto amepata jicho la husuda, basi anywe kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa sahanini. Kombe alikunywa, kwani dua haimdhuru mtu. Zahanati nako tulikwenda, tukatumia kama elfu kumi na kitu pamoja na nauli, tukaambiwa mtoto ni mzima. Lililoniudhi ni kwamba hakuna aliyependekeza mtoto mwenyewe asikilizwe.

Kumuuliza waziwazi hakukufaa kitu, kwa kuwa jibu lake lilikuwa "Sijui, Baba" tu. Msimu wa karafuu ulikuwa haujesha, na jioni moja tulikuwa kwa mama yangu, sote tumezunguka jamvi tukizichambua karafuu na makonyo yake, nikamwambia tucheze skuli na yeye awe mwalimu. Alijitanda kanga ya bibi yake, akachukua mwiko, akazipanga karafuu mistari mistari zikawa wanafunzi, na mimi, mwanamme mwenye ndevu na kitambi, nikakalishwa nyuma kabisa kwa sababu ya urefu. Nilifanya utundu wote niliokuwa nikiukumbuka: nilipiga mluzi, nikakosea hesabu kwa makusudi, nikatandikwa mwiko wa vidole mbele ya mama yangu, ambaye alicheka hadi akajifuta machozi kwa ushungi wake. Kisha nikanyanyua mkono na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu akanitazama kwa huruma, akainama sikioni mwangu: "Usende, mlango haufungi. Watakuchungulia."

Kabla ya skuli kufunguliwa nilizungumza na mwalimu mkuu, nikanunua komeo kwa elfu chache na kulitia mwenyewe. Useremala siujui, lakini linafunga. Nikampeleka binti yangu alifunge na kulifungua mpaka akachoka, na tukapatana na mwanafunzi mwenzake wawe wanasindikizana, maana komeo nalo huweza kung'oka tena. Kulala mapema tulianza siku kadhaa kabla, kwa sababu mtoto aliyezoea kukesha likizo nzima hakubali kubadilika kwa usiku mmoja.

Asubuhi ya kwanza niliagana naye mlangoni kwa maneno machache, nikageuka. Mzazi anayebakia kuchungulia dirishani humtia mtoto wasiwasi. Alilia kidogo, akaingia. Tumbo halijarudi tena, na jirani yangu anawaambia watu kuwa ni lile kombe, nami nimechoka kubishana naye.